Kwa nini wagonjwa wanastahili kiti katika kamati za kupanga makongamano ya afya?

Wandegeya ni mtaa uliobanwa baina ya vilima viwili vya Kampala. Magharibi yake ni kilima cha Makerere, penye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1922. Kaskazini-mashariki ni kilima cha Mulago, penye hospitali ya taifa ya rufaa na shule ya udaktari iliyoanza kutoa mafunzo mwaka 1924. Barabara ya Bombo inapita hapo, na kila asubuhi hushusha abiria wa aina mbili: wanaokwenda kutafuta elimu na wanaokwenda kutafuta nafuu.

Katika vibanda vya uchapaji vya mtaa huo, wanafunzi hupanga foleni ili kuchapisha tasnifu na mabango ya utafiti. Nje ya vibanda hivyo hupita mgonjwa aliyebeba daftari la shule ambalo ndilo faili lake, ambamo daktari mmoja baada ya mwingine huandika alichokiona na alichoagiza. Mara nyingi takwimu zilizomo katika bango zimetokana na watu wenye madaftari kama hilo. Hata hivyo, bango litakapotundikwa ukumbini, mwenye daftari aghalabu hatakuwepo. Na akiwepo, huenda amealikwa kusimulia masaibu yake kwa dakika kumi, apigiwe makofi, kisha aondoke kabla ya mjadala kuanza.

Hapo ndipo linapozuka swali linaloulizwa sasa katika nchi nyingi, Uganda ikiwemo: je, mgonjwa aitwe kongamanoni ili atoe ushuhuda, au ashirikishwe tangu siku ya kwanza kongamano linapopangwa?

Kongamano hupangwaje, na nani huamua?

Kongamano la kitaaluma la afya huanza miezi mingi kabla ya wajumbe kuvaa vitambulisho shingoni. Kamati ya maandalizi huteuliwa, kwa kawaida kutoka miongoni mwa wahadhiri, madaktari bingwa na watafiti. Kamati hiyo huchagua kaulimbiu, hutangaza mwaliko wa ikisiri za utafiti, huteua watakaozipima, huamua nani atatoa hotuba kuu, huweka ada ya usajili, huchagua ukumbi na huamua lugha itakayotumika.

Kila uamuzi kati ya hayo huwafungulia mlango baadhi ya watu na kuwafungia wengine. Kaulimbiu ikihusu mitambo mipya ya uchunguzi, utafiti juu ya nauli ya mgonjwa anayesafiri kutoka Karamoja hadi Mulago hautapata nafasi. Ikisiri zikipimwa kwa ubora wa hesabu peke yake, hakuna atakayeuliza iwapo matokeo yake yanamfaa mtu anayeishi na maradhi hayo. Ada ikiwekwa kwa kipimo cha mishahara ya maprofesa, viti vitakaliwa na maprofesa.

Na yanayosemwa makongamanoni hayabaki ukumbini. Huko ndiko matokeo mapya hutangazwa kabla hayajachapishwa majaridani, wafadhili hukutana na watafiti, miongozo ya tiba hujadiliwa, na madaktari vijana hujifunza ni maswali gani yanahesabiwa kuwa ya maana katika taaluma yao. Mgonjwa ambaye hakuwepo huja kukutana na matokeo ya mjadala huo miaka michache baadaye, kwenye dirisha la dawa.

Kutoka Alma-Ata hadi Paris

Wazo la kumshirikisha mgonjwa si geni. Mwaka 1978, Azimio la Alma-Ata, lililopitishwa katika mji ambao leo unaitwa Almaty nchini Kazakhstan, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Lakini baina ya maneno hayo na ukumbi wa kongamano palibaki ukuta.

Ukuta huo ulitikiswa Juni 1983 mjini Denver, Marekani. Kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakiugua UKIMWI, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na dawa wala kipimo, kilipanda jukwaani katika kongamano la afya na kusoma tamko. Watu hao walikataa kuitwa waathiriwa. Walidai washirikishwe katika kila ngazi ya maamuzi, wakae katika bodi za mashirika yanayowahudumia, na wapewe nafasi katika mikutano yote inayohusu UKIMWI wakiwa na hadhi sawa na washiriki wengine. Tamko hilo linajulikana hadi leo kama Kanuni za Denver.

Miaka sita baadaye, mwezi Juni 1989, wanaharakati waliteka jukwaa la Kongamano la Kimataifa la UKIMWI mjini Montreal, Kanada, na mmoja wao akalitangaza kongamano kuwa limefunguliwa kwa niaba ya watu wanaoishi na ugonjwa huo. Tarehe 1 Desemba 1994, mjini Paris, wawakilishi wa nchi 42 walitia saini azimio lililokubali kanuni ya kuwashirikisha kwa upana zaidi watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, VVU, katika kuunda sera na kuendesha mipango. Lililokuwa dai la wagonjwa jukwaani likawa ahadi ya serikali.

Mulago haikusubiri Paris

Nchini Uganda, hatua kubwa ilichukuliwa miaka saba kabla ya azimio hilo, tena juu ya kilima kilekile kinachoitazama Wandegeya. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia aliyefanya kazi Mulago, alimpoteza mumewe Christopher kwa UKIMWI Januari 1987. Wakati huo ugonjwa huo uliitwa siliimu nchini Uganda, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu, na familia nyingi ziliuguza wapendwa wao kwa siri na kwa aibu. Mwaka huohuo, Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiwa wenyewe wameambukizwa, waliunda shirika la TASO.

Waanzilishi hao hawakuwa na dawa ya kugawa. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa kuishi na ugonjwa: namna ya kumwambia mwenzi wa ndoa, namna ya kumwandaa mtoto kwa msiba, namna ya kumtunza mgonjwa nyumbani bila kumtenga. Huduma ya ushauri nasaha ambayo TASO iliijenga juu ya ujuzi huo ikawa mfano kwa nchi nyingine za Afrika. Mwaka 1989, mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi, na hadi alipofariki dunia mwezi Desemba mwaka huo alitumia nguvu zilizobaki kuzungumza na vijana. Umma wa Uganda ulijifunza mapema kwamba mgonjwa anaweza kuwa mwalimu.

Ujuzi wa aina hiyo uliingia hata katika sayansi. Swali la nauli, ambalo kila mgonjwa wa kijijini analijua, lilipimwa katika utafiti uliofanyika Jinja kupitia TASO na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa waliopelekewa dawa za kupunguza makali ya VVU nyumbani na wale waliozifuata kliniki. Matokeo ya tiba yalikaribiana, ilhali aliyehudumiwa nyumbani alitumia fedha kidogo zaidi kutoka mfukoni mwake.

Kampala imekuwa pia mwenyeji wa mikutano ambayo wagonjwa wenyewe ndio wajumbe wakuu. Oktoba 2003 lilifanyika hapo kongamano la kimataifa la watu wanaoishi na VVU, la 11 katika mfululizo wake. Mwaka 2005, watu wenye uzoefu wa kuishi na maradhi ya akili kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Kampala na kuunda mtandao wao wa bara zima.

Mgonjwa huleta nini mezani?

Wapo wanaouliza, na si kwa nia mbaya, mtu asiyesomea takwimu atachangia nini katika kamati ya kisayansi. Wahenga walikwisha kujibu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mfano unaotajwa sana unatoka mbali na Afrika Mashariki. Wataalamu wa maradhi ya viungo kutoka nchi mbalimbali walikuwa na desturi ya kukutana ili kukubaliana ni mambo gani yapimwe katika utafiti wa dawa za baridi yabisi. Orodha yao ilikuwa na maumivu, uvimbe wa viungo, uwezo wa kufanya kazi na vipimo vya damu. Katika mkutano wao wa mwaka 2002 nchini Australia, kwa mara ya kwanza waliwaalika wagonjwa kama washiriki. Wagonjwa hao waliuliza kwa nini hakuna anayepima uchovu, ule unaomlaza mtu mchana kutwa hata siku ambayo viungo havimuumi. Haukuwemo katika orodha. Utafiti ukafanywa, na miaka michache baadaye wataalamu walipendekeza kwamba uchovu upimwe katika tafiti za ugonjwa huo.

Katika kisa hicho, wagonjwa hawakugusa hesabu za mtu. Walichobadilisha ni swali, na swali likibadilika, jibu nalo hubadilika. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu anayefika ukumbini siku ya ufunguzi, kwa sababu wakati huo maswali yamekwisha kuchaguliwa.

Hivyo ndivyo unavyojibiwa pia wasiwasi kwamba viwango vya kisayansi vitashuka. Kamati inaweza kuwaachia wataalamu wa takwimu wapime uimara wa mbinu za utafiti, na kuwaomba wagonjwa wapime umuhimu wa swali lililoulizwa. Ikisiri ikapata alama mbili, na kila upande ukahukumu kile unachokijua.

Masharti matano

Mwaka 2015, wagonjwa na waandaaji wa makongamano kutoka nchi mbalimbali walitoa hati inayoitwa Patients Included, yenye masharti matano ambayo kongamano linapaswa kuyatimiza kabla ya kujinadi kwamba limewashirikisha wagonjwa.

Kwanza, wagonjwa au walezi wao wenye uzoefu wa mada kuu washiriki katika kubuni na kupanga kongamano, ikiwemo kuchagua mada na wazungumzaji. Pili, wawemo katika uendeshaji wa kongamano na katika hadhira yake. Tatu, nauli na malazi ya wagonjwa waliomo katika ratiba yalipwe yote, tena mapema, na patolewe ufadhili kwa wengine wanaotaka kuhudhuria. Nne, mahitaji ya watu wenye ulemavu yazingatiwe, na vikao visiwe na milango iliyofungwa kwa wagonjwa. Tano, wasioweza kusafiri wawezeshwe kufuatilia kwa njia ya mtandao, bila malipo inapowezekana.

Neno lenye uzito mkubwa katika sharti la tatu ni "mapema". Profesa anaweza kulipa hoteli kwa kadi ya benki na kurudishiwa fedha baada ya miezi miwili. Muuza nyanya katika soko la Wandegeya hawezi. Akiambiwa ahifadhi risiti na kusubiri, ameshaambiwa asije.

Vikwazo vinavyojulikana Kampala

Kikwazo cha kwanza ni gharama. Makongamano makubwa ya Kampala mara nyingi hufanyika katika hoteli za hadhi ya juu, zikiwemo zile za Munyonyo kando ya Ziwa Victoria. Kwa mtu anayepoteza ujira wa siku kila anapofunga kibanda chake, siku tatu za kongamano ni hasara hata akipewa chakula. Ndiyo maana wanaotetea ushirikishwaji husema kwamba muda wa mgonjwa katika kamati ulipwe posho kama unavyolipwa muda wa mtaalamu, na kiwango kitajwe waziwazi tangu mwanzo.

Cha pili ni lugha. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini makongamano ya kitaaluma huendeshwa kwa Kiingereza. Mgonjwa anayezungumza Luganda hukwama mlangoni. Mzungumzaji wa Kiswahili, awe Mnubi kutoka Bombo, mfanyabiashara aliyehamia Kampala au mkimbizi kutoka mashariki mwa Kongo, hukwama mbali zaidi, kwani hata mkalimani akiwepo, aghalabu huwa wa Luganda. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wao hutibiwa katika vituo vilevile ambavyo tafiti hufanyika. Kamati inayotaka sauti zao italazimika kuweka mkalimani katika bajeti kabla ya kuweka maua jukwaani.

Cha tatu ni siri. Mtu anayejitokeza kueleza maisha yake na VVU, kifua kikuu au maradhi ya akili anaweza kupigwa picha, na picha hiyo ikafika kwa mwenye nyumba au mwajiri wake kabla hajarudi kwake. Ridhaa ya kuzungumza ukumbini haimaanishi ridhaa ya kusambazwa mtandaoni. Kukaa katika kamati ya maandalizi kuna faida hapa pia: mgonjwa huchangia hoja kuhusu mada, wazungumzaji na ratiba bila kulazimika kuanika historia yake mbele ya umma.

Cha nne ni uwakilishi. Mgonjwa mmoja, aliyesoma na kuzoea mikutano, anaweza kualikwa mwaka baada ya mwaka hadi akawa sura ya wagonjwa wote. Kiti chake kinakuwa pambo. Njia iliyopendekezwa na wengi ni kuomba vikundi vya wagonjwa vichague wenyewe wawakilishi wao, wawe angalau wawili ili mmoja asibaki peke yake kati ya madaktari, na wabadilishwe kwa zamu. Kikundi kinachofadhiliwa na kampuni ya dawa nacho hakina budi kulitangaza jambo hilo, kama wanavyotakiwa watafiti.

Kikwazo cha tano kiko nje ya uwezo wa waandaaji wa Kampala, yaani viza. Kongamano la Kimataifa la UKIMWI la mwaka 2022 mjini Montreal lilianza huku wajumbe wengi kutoka Afrika wakiwa wamenyimwa viza au hawajajibiwa. Mji uleule ambao mwaka 1989 ulishuhudia wagonjwa wakitwaa jukwaa, safari hii ulikuwa na viti vitupu vya watu waliokuwa wamealikwa. Hiyo ni hoja mojawapo ya wale wanaotaka makongamano makubwa zaidi yafanyike barani Afrika.

Sera za Uganda zinasemaje?

Wizara ya Afya ya Uganda ilitoa Hati ya Haki za Wagonjwa mwaka 2009, inayotambua kwamba mgonjwa ana sauti katika matibabu yake. Katika utafiti, miongozo ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia inataka kamati za maadili ziwe na mtu anayeiwakilisha jamii, na miradi mikubwa ya utafiti imezoea kuunda bodi za ushauri za jamii ambazo huulizwa maoni kabla washiriki hawajaandikishwa. Mwezi Mei 2024, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio linalozihimiza nchi kuwashirikisha wananchi katika maamuzi ya afya.

Nyaraka hizo zinahusu zaidi huduma, utafiti na sera. Kongamano hubaki mikononi mwa waandaaji wake. Hata hivyo, kwa kuwa bodi za ushauri za jamii tayari zipo katika kilima cha Mulago na kwingineko, kamati inayotafuta wagonjwa waliozoea kujadili utafiti haihitaji kuanza na ukurasa mtupu.

Haja ya kufanya hivyo imeongezeka. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya Marekani kusimamisha misaada yake ya nje, Wizara ya Afya iliagiza kliniki za VVU na kifua kikuu zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Mabadiliko hayo yanazua maswali mengi. Je, mtu aliyezoea kliniki yenye wahudumu wanaomjua ataendelea kuja akiwekwa katika foleni ya wote? Je, siri yake italindwa? Au foleni ya pamoja itapunguza unyanyapaa kwa kuwa hakuna tena mlango wa kuogopwa? Makongamano ya miaka ijayo yatajaa tafiti kuhusu jambo hili. Iwapo waliosimama katika foleni hizo hawatakuwemo miongoni mwa wanaochagua mada, huenda kitakachopimwa ni idadi ya vidonge vilivyotolewa, na aliyeacha kuja asihesabiwe.

Ukialikwa, uulize nini?

Msikilizaji anayeishi na maradhi ya muda mrefu, au anayemuuguza ndugu, anaweza siku moja kupokea mwaliko wa aina hii kupitia kliniki au kikundi chake. Kabla ya kukubali, yafaa aulize mambo machache. Je, mada zimekwisha kuchaguliwa, au nitashiriki kuzichagua? Ninayo kura katika kamati, au ninasikiliza tu? Nauli na posho zitalipwa lini? Kutakuwa na mkalimani wa lugha ninayoielewa? Nani ataruhusiwa kunipiga picha? Kuna mahali pa kupumzika na kumeza dawa kwa wakati? Na baada ya kongamano, nitaelezwa yaliyoamuliwa ili nami niwaeleze wenzangu?

Waandaaji wanaoweza kuyajibu maswali hayo bila kusita wanamtaka mgonjwa kama mshirika. Wanaosita bado wana muda wa kujirekebisha, mradi wampigie simu kabla ratiba haijapelekwa kuchapwa Wandegeya.